Nani Alimwona Mbegha?

"Masimulizi si ya kuaminika kwa sababu wazee husahau, wengine hufa, na wengine hutia chumvi." Sentensi hii nimeisoma katika miandiko ya kila aina, iliyonyooka na iliyolala, ya wino wa buluu na ya kalamu iliyoazimwa chumba cha mtihani. Mara nyingi inafuatwa na dada yake: nyaraka zinahifadhi tarehe vizuri, ila mwandishi anaweza kupendelea upande. Halafu inakuja akiolojia, ambayo ina gharama kubwa na inahitaji wataalamu. Pointi sita, hitimisho, kalamu chini. Nimefundisha historia sekondari katika ukanda huu wa Mombo na Korogwe hadi kustaafu, na vyanzo vya historia ndiyo mada ya kwanza kabisa mtoto wa kidato cha kwanza anayokutana nayo, akiwa bado anababaika na Kiingereza cha darasani. Anaikariri mapema, na anaibeba mpaka kidato cha nne bila kuifungua.

Sina ugomvi na pointi sita. Zimewavusha wengi. Ninacholalamikia ni kwamba mtoto anayeandika "wazee husahau" anakaa Mombo, na akipanda bodaboda kuelekea njia ya Same atafika Mazinde kabla jasho halijamkauka. Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Karani wa Semboja aliandika kitabu kizima kwa Kiswahili. Juu ya kichwa cha mtoto huyo, mlimani, ndiko Vugha, mji wa wafalme hao, walikofika wamisionari Krapf na Erhardt na wasafiri Burton na Speke, kila mmoja na daftari lake. Nje ya mji kuna stesheni ya reli ya Mjerumani. Ni maeneo machache ya nchi hii yaliyorundikiwa vyanzo vya kila namna kama bonde hili, na bado ukimwuliza mtoto atoe mfano wa chanzo cha maandishi atakuandikia "magazeti na barua".

Swali lenyewe, kama masimulizi yanaaminika, lina historia yake, na inafaa kuijua ili tusililaumu bure. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alitoa mihadhara akidai kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa isipokuwa habari za Wazungu walioifikia, na kilichobaki ni giza. Miaka miwili tu kabla ya hapo Jan Vansina alikuwa amechapisha kwa Kifaransa kitabu cha kuonyesha jinsi masimulizi yanavyoweza kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilikuwa kichanga. Idara yake ya Historia, iliyoanza chini ya Terence Ranger, ilijikuta na kazi ya kuthibitisha kwamba neno la mzee wa kijijini linaweza kuwekwa mezani pamoja na barua ya gavana. Isaria Kimambo akaenda ng'ambo hii ya pili ya mto Mkomazi, kwao Upare, akakaa na wazee, akalinganisha orodha za koo moja na nyingine, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kuanzia karne ya 16 hadi mwisho wa karne ya 19. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho walimu wa rika langu tulikilalia usiku.

Kwa hiyo wakati ule kuuliza kama masimulizi yanaaminika ilikuwa vita ya kweli, na watu walijenga au kubomoa vyeo vyao kwa jibu walilotoa. Kisha Tanzania ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Mada ya vyanzo ikaingia darasani. Vita ilipofika kidato cha kwanza ilikuwa imeshageuka orodha: faida upande huu, hasara upande ule, mstari katikati. Hakuna aliyefanya hila. Swali la hoja ni gumu kusahihisha katika maelfu ya karatasi, na orodha inahesabika.

Sasa tuje kwa Mbegha.

Kila mtoto wa Kisambaa anamjua, na wengi wa Kizigua pia. Alitoka Unguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, na kwa mila ya wakati ule mtoto wa namna hiyo hakuachwa hai. Wazazi wake wakamficha. Alipokua, ndugu wakamnyima urithi na kumtaka roho, akakimbia na mbwa wake na mikuki yake. Akapita Kilindi, akapita Zirai, akapanda Usambara akiwinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Nyama aligawa, wao wakampa ndizi na unga. Akaua simba. Wenye nchi wakampa mke, wakampa ugomvi wao aamue, mwishowe wakampa Vugha atawale. Mpaka leo mfalme wa Wasambaa huitwa Simba Mwene. Baada ya Mbegha akaja Bughe, halafu Kinyashi, halafu Kimweri ye Nyumbai ambaye jina lake lilitisha mpaka pwani.

Nilipokuwa nikiisimulia darasani, mvulana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwa kawaida alikuja shule kwa ajili ya mpira, aliuliza: "Mwalimu, nani alimwona Mbegha?" Wenzake wakacheka. Mimi nilimwambia asimame aulize tena, kwa sauti, maana hilo ndilo swali, na lilikuwa halimo katika kitabu chochote cha kiada nilichopewa.

Nani alimwona? Chanzo tunachokitegemea zaidi ni *Habari za Wakilindi*, yaani habari za ukoo wa Mbegha, cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Huyu bwana alikuwa mtu wa pwani aliyeishi kwa Semboja miaka mingi akimtumikia kama karani, na baadaye akashika kazi katika serikali ya Wajerumani mpaka akawa liwali wa Tanga. Kitabu chake kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa UMCA kule Magila, kati ya miaka ya 1890 na 1907. Kikaja kutolewa upya mwaka 1962, na mwaka uliofuata tafsiri yake ya Kiingereza, chini ya uhariri wa J.W.T. Allen akishirikiana na William Kimweri bin Mbago bin Kibanga bin Magogo, mtu ambaye jina lake peke yake ni nusu ya orodha ya ukoo.

Mpe mwanafunzi wa pointi sita kitabu hiki akipange. Ni nyaraka au ni masimulizi? Kimeandikwa, kimechapwa, kina kurasa. Basi ni nyaraka, na nyaraka zinahifadhi tarehe. Lakini kifungue. Tarehe ni za kutafuta kwa tochi. Mbegha anazungumza na mke wake, na wazee, na mbwa wake karibu aseme nao, maneno yote yamepangwa kana kwamba mwandishi alikuwa amekaa pembeni na wino. Kati ya Mbegha na Abdallah kuna zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kitabu ni masimulizi yaliyovaa kanzu ya kitabu, na kanzu haimfanyi mtu kuwa shehe.

Nusu ya mwisho ni kitu kingine kabisa. Hapo Abdallah anaingia katika mambo ya zama zake: Kimweri alipokufa mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu akakalishwa Vugha, na Semboja, ambaye kwa umri na kwa damu alikuwa baba yake mdogo, hakukubali kutawaliwa na mtoto. Semboja hakuchagua kukaa mlimani kama wazee wake. Alikaa hapa nyikani, Mazinde, njiani pa misafara ya pembe na watumwa, ambako bunduki na baruti zilipita mlangoni. Mlima ulikuwa na heshima, nyika ilikuwa na risasi. Shekulwavu akafukuzwa, Vugha ikachomwa, na Semboja akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu, katika kiti. Wakati huohuo Wabondei wakainuka dhidi ya Wakilindi waliokuwa wakiwauza watu wao, uasi unaoitwa Kiva. Habari hizi Abdallah aliziishi. Aliwajua wahusika kwa sura, alijua nani alikuwa na deni kwa nani.

Hapa ndipo mwanafunzi mwerevu anapoinua mkono: lakini alikuwa mtu wa Semboja! Ndiyo. Alikula kwake. Ukisoma sababu anazotoa za Shekulwavu kuanguka, ujue unasikiliza mtu wa upande ulioshinda. Hata hivyo hilo halikitupi kitabu jalalani. Mtu wa nyumbani ndiye pekee anayejua ugomvi wa nyumbani. Ukitaka kujua nani alikuwa na haki, Abdallah ni shahidi wa kumshuku. Ukitaka kujua jinsi mkuu wa Mazinde alivyoendesha mambo, jinsi alivyotuma wajumbe, alivyopata baruti, alivyoongea na watu wa pwani na lugha gani ilitumika, sijui utampata wapi mwingine wa kumshinda. Kitabu kilekile, mwandishi yuleyule, upendeleo uleule; kilichobadilika ni unachomwuliza.

Ndiyo maana kila nilipoona karatasi imeuliza tu kama chanzo fulani ni cha kuaminika, bila kusema kwa jambo gani, nilihisi tumewapa watoto jembe bila mpini.

Wageni nao wana yao. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza, alifika kwa Kimweri mara ya kwanza mwaka 1848 akitokea Mombasa, na mara ya pili mwaka 1852. Krapf alikijua Kiswahili, na kwa hilo anawazidi wasafiri wengi waliomfuata. Alichokiona kwa macho, njia, mashamba, mvua, namna watu walivyomwogopa mfalme, nakipokea bila kusita. Ila Krapf alikuwa akitafuta mahali pa kujenga misheni. Mfalme mmoja mwenye nguvu, anayeweza kuamuru nchi nzima ipokee walimu, ilikuwa ndiyo dawa aliyoitamani, na Kimweri wa kwenye maandishi yake ni mfalme wa namna hiyo. Anaandika kwamba watu wote huko waliitwa watumwa wa mfalme. Yumkini alisikia hivyo kweli. Lakini mwanahistoria Steven Feierman, aliyekuja Usambara katika miaka ya 1960 na kukaa na wazee, aliambiwa upande wa pili wa jambo lilelile: siku ya kumsimika mfalme, watu walimpa nchi kwa sauti kubwa, na kwa sauti ileile wakamwonya kwamba asipowatunza watamwondoa. Mtumwa hasemi hivyo kwa bwana wake. Krapf hakuwa mwongo. Alikuta baraza, hakukuta siku ya kusimikwa.

Richard Burton alifika na John Speke mwezi Februari 1857. Hao hawakuja kutafuta waumini. Burton alikuwa na jicho kali na ulimi mkali zaidi, na Kimweri aliyemkuta alikuwa mzee mgonjwa aliyetaka dawa kuliko alivyotaka wageni. Wakapumzishwa nje ya mji, mvua ikawanyeshea, wakaondoka. Soma Burton juu ya Vugha ukumbuke kwamba mwandishi hakulala ndani yake. Alipoandika kwamba mamlaka ya mzee yanadhoofika, alikuwa na ushahidi mbele yake, mwili wa mzee mwenyewe. Miaka mitano baadaye Kimweri akafa na nchi ikapasuka, kwa hiyo msafiri mwenye dharau, katika jambo hilo, aliona vizuri kuliko mmisionari mwenye upendo. Wanafunzi wangu hawakupenda kusikia hivyo. Walitaka mtu mbaya awe pia shahidi mbaya, na mahakamani kwenyewe wako wanaotaka hivyo.

Na kuna wale walioumizwa. Hans Meyer na Oscar Baumann walipita Usambara mwaka 1888, mwaka ambao pwani iliwaka moto. Mizigo ya msafara wao ikaishia mikononi mwa Semboja, na wenyewe wakakamatwa na kutiwa minyororo na watu wa Abushiri, kiongozi wa uasi wa pwani, huko Pangani mpaka walipokombolewa kwa fedha. Baumann alikuwa mtaalamu wa ramani, na mwaka 1891 alitoa kitabu kikubwa juu ya Usambara na nchi za jirani. Vipimo vyake vya milima na mito nitavitumia. Tabia ya Semboja sitaipima kwa mizani yake. Wajerumani wenyewe hawakuchelewa kuisimika bendera yao. Semboja akafa mwaka 1895, na mwaka huohuo mwanawe Mputa, aliyekuwa Vugha, wakamnyonga. Tangu hapo karibu kila karatasi juu ya Wakilindi imeandikwa na aliyeshika kamba.

Feierman alinifundisha jambo moja ambalo hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kunipa. Alizunguka vijiji vingi, na hadithi ya Mbegha akaikuta karibu ni moja kila mahali: kigego, nguruwe, nyama kwa ndizi, simba. Mwanafunzi wa pointi sita atafurahi: mashahidi wengi wamekubaliana, basi ni kweli. Feierman aliona kinyume. Hadithi inayosimuliwa sawasawa na kila mtu ni mali ya kila mtu. Imeshasuguliwa mpaka imekuwa laini, inaeleza kwa nini mfalme ni mfalme, kwa nini mtu wa porini mwenye nyama alihitajiwa na wakulima wenye ndizi. Inatuambia mengi ya kuaminika juu ya jinsi Wasambaa walivyoufikiria utawala. Juu ya mwindaji mmoja aliyepanda mlima siku fulani, inatuambia machache. Habari za koo moja moja, zinazopingana kijiji kwa kijiji, ndizo zenye harufu ya tukio lenyewe, kwa sababu kila mzee ana shamba la kulinda na babu wa kutetea. Wanapogombana ndipo mtafiti anapofungua daftari.

Nilipojaribu kuieleza hii kidato cha tatu, msichana mmoja alisema, "Basi Mwalimu, wakikubaliana ni uongo, wakigombana ni kweli?" Nikamwambia hapana, na tukamaliza kipindi chote pale. Somo la siku ile, sababu za mapinduzi ya viwanda, halikuguswa, na sikujuta.

Udongo nao ni shahidi ambaye watoto wanamwonea. Wanaandika kwamba akiolojia ni ghali, wakafunga. Katika milima hii mwanaakiolojia Robert Soper alionyesha, katika makala ya mwaka 1967, maeneo ya Zama za Chuma yenye vigae vya vyungu vya aina ya Kwale, vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Maana yake, Mbegha alipopanda na mbwa wake, milima ilikuwa imeshakaliwa na watu waliofinyanga na kufua chuma kwa zaidi ya miaka 1,000. Hilo halimkanushi Mbegha, maana hadithi yenyewe inasema alikuta wenyeji. Inawarudishia wenyeji uzito ambao hadithi ya wafalme iliwapunguzia. Na chini hapa, kando ya mto Pangani, Thomas Biginagwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba vituo vya misafara ya karne ya 19, pakiwamo Ngombezi na Korogwe ya zamani. Alitafuta hasa mifupa: watu wa njiani walikula nini, walifuga nini, biashara ya pembe iligusaje chungu cha nyumbani. Burton alipita akahesabu wakuu. Mifupa inahesabu chakula cha jioni cha watu ambao hakuna msafiri aliyewauliza majina.

Kwa Mombo yenyewe, mfano ninaoupenda kuliko yote ni reli. Reli ya Usambara ilianza Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni ikafilisika na serikali ikaichukua mwaka 1899, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Moshi ilingoja mpaka 1911. Tarehe hizi usimwulize mzee. Ziko kwenye majedwali ya Wajerumani na hakuna sababu ya kuzitilia shaka, kwa kuwa mhasibu aliyeandika kwamba reli imefika Mombo wakati haijafika angeulizwa fedha zimekwenda wapi. Mzee atakwambia babu yake aliikimbia kazi ya tuta, akajificha Handeni. Jedwali halimjui huyo babu.

Halafu vita vya 1914. Wajerumani walijenga njia ya toroli kutoka Mombo kwenda Handeni, kwa vipande vya reli ndogo vilivyokusanywa kwenye mashamba ya mkonge na mengineyo, ili shehena iteremke kusini kabla Waingereza hawajafika. Waingereza waliingia Mombo mwezi Juni 1916. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anaitaja njia hiyo katika kumbukumbu zake alizotoa mwaka 1920, na anajivunia, kama anavyojivunia kila kitu. Kwake ni hesabu ya usafirishaji: mizigo imetoka hapa, imefika pale. Toroli hazikuwa na injini. Zilisukumwa na watu, kwenye joto la nyika hii ambalo mpaka leo anayeteremka Lushoto na sweta lake anaanza kulivua kwenye kona za Soni.

Nilikuwa nawapa kidato cha pili kazi ya likizo: nendeni nyumbani, ulizeni habari za toroli. Mara ya kwanza niliwapa maswali yaliyoandikwa, na walirudi na majibu yanayofanana. Mjerumani alikuwa mkatili, alipiga viboko, watu walikufa. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini nilishuku, nikawataka waniambie waliulizaje. Mmoja akanisomea swali lake: "Babu, Wajerumani walikuwa wakatili sana, sivyo?" Babu gani angejibu siyo? Swali lilikwenda na jibu lake mfukoni. Nikawarudisha waulize vingine: toroli ilipita wapi, ilibeba nini, wasukumaji walilala wapi, nani alipika. Safari hii majibu yakatawanyika. Wengi hawakujua lolote, nalo ni jibu. Bibi mmoja alijua mahali tuta lilipopita, kwa sababu babake alimkataza kulima pale, udongo ulikuwa mgumu kama barabara. Hakujua mwaka. Hakujua jina la afisa yeyote. Alijua pale.

Nikawauliza darasani: bibi huyu anaaminika? Darasa likagawanyika. Upande mmoja ukasema hapana, hakuwapo, alisikia tu kwa baba. Upande mwingine ukasema ndiyo, hana anachokipata kwa kudanganya juu ya udongo mgumu. Mvulana wa mpira, ambaye wakati ule alishakuwa kidato cha tatu na alikuwa amepita dirishani akichungulia, akasema kwa sauti ya kutokea nje: "Si mwende na jembe?"

Sasa kuna somo jipya katika mtaala ulioboreshwa, Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nimelipokea vizuri. Nusu ya "wazee husahau" ilitokana na lugha. Mtoto aliandika pointi aliyoweza kuitahajia, siyo aliyoifikiri. Kwa Kiswahili hana kisingizio hicho, wala mwalimu hana. Nina wasiwasi mmoja. Somo lenye neno maadili ndani yake linaweza kumvuta mwalimu atake kila babu awe shujaa, na Semboja ni babu mgumu. Aliuza watu. Aliwakaribisha wageni na aliwapora wageni. Mtoto wa Mazinde anaweza kuwa wa damu yake, na jirani yake wa dawati anaweza kuwa wa damu ya waliouzwa njia hiyohiyo kwenda Pangani. Chanzo chetu kikuu juu yake ni karani aliyekula kwake. Hapo kupima chanzo ni kazi nyingine kabisa, na mwalimu akiogopa, watoto watarudi kwenye magazeti na barua.

Watoto wa majirani bado wanakuja barazani kwangu wiki ya mtihani, wakiwa na madaftari yaliyochakaa. Hawana muda wa Feierman. Wananiambia, "Bibi Mwalimu, tupe pointi." Nawapa, sita kamili, kwa mpangilio anaoutaka msahihishaji. Kisha namwambia kila mmoja achague chanzo kimoja cha hapa, aandike chini ya pointi zake mistari mitatu: aliyesema alikuwa wapi wakati huo, chakula chake kilitoka kwa nani, na wewe unataka akuambie nini. Wengine wanalalamika kwamba mistari hiyo haina alama kwenye mwongozo. Nawaambia ni kweli, haina. Waiandike kwa penseli.